Nilinyoosha Mkono, Darasa la Rukia Likafungwa

Nina miaka arobaini na sita. Nilizaliwa Morogoro, na sasa ni mwaka wa kumi na tano niko London, upande wa kaskazini-magharibi, si mbali na kituo cha treni cha Rayners Lane. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naandika haya Jumapili mchana, nimekaa peke yangu jikoni, na simu yangu haijalia tangu Alhamisi.

Na nani anipigie?

Sisemi hivyo ili mnionee huruma, wasomaji wenzangu. Huruma yenu mpelekeeni mwanamke nitakayemtaja humu. Mimi naomba mnisikilize tu mpaka mwisho, hata mkinichukia.

Mume wangu alirudi nyumbani kumzika mama yake, binti yetu Imani akiwa na miaka mitatu. Aliniambia wiki tatu. Wiki tatu zikawa miezi, miezi ikaleta habari kwamba ameoa Dodoma. Basi. Nikabaki na mtoto, na kazi ya zamu, na nyumba ya chumba kimoja juu ya duka la mapazia.

Wanaosema Ulaya kuna watu wengi hawajui upweke wa huku! Unaweza kupanda basi moja na watu wale wale mwaka mzima na asiwepo hata mmoja anayejua jina lako. Kazini wazee wananiita "nesi" na mimi si nesi. Wengine hawaniiti chochote, wananyoosha kidole tu.

Imani alipoanza shule ya msingi, siku ya pili nilisimama getini kwenye mvua pamoja na wazazi wengine. Mara nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamke ikisema, "Rukia, vaa kiatu mwanangu, usinitie aibu mbele za watu."

Kiswahili! Cha Mombasa kabisa! Nilipogeuka machozi yalikuwa yananitoka, na yule mwanamke akacheka, akasema, "Jamani, kiatu ni cha mwanangu, walia wewe?"

Huyo ndiye Mwanakombo. Mama Rukia.

Tangu siku hiyo sikuwa peke yangu tena. Yeye alikuwa akipika mahamri na sambusa za kuuza kwa oda, mumewe alifariki kitambo, na hakuwa na ndugu London hii. Nikiwa na zamu ya jioni Imani alikula na kulala kwake. Akiwa na wageni wa oda, Rukia alilala kwenye sofa langu. Krismasi alikuja kwangu na biriani, Idi nilikwenda kwake na keki. Tungekuwa ndugu wa tumbo moja tusingependana zaidi.

Rukia alikuwa na usonji. Alipofika shule ile, akiwa na miaka mitano, alikuwa hasemi kabisa. Alijifunika masikio na kupiga kelele kengele ikilia. Lakini shule yetu ilikuwa na darasa maalumu mwisho wa korido, la watoto wachache wa hali hiyo, lenye taa hafifu, mazulia, na mwalimu mmoja mwenye subira isiyo ya kawaida. Humo ndimo Rukia alimosema neno lake la kwanza. Alisema "maji." Mwanakombo alinipigia simu kazini, analia, hawezi hata kueleza. Nilidhani kuna msiba!

Sasa nieleze jambo hili la bodi, maana ndiko nilikopotelea.

Huku kila shule ya serikali ina bodi yake. Bodi ndiyo inayopitisha bajeti, inamsimamia mwalimu mkuu, na inaulizwa na halmashauri na wakaguzi matokeo ya mitihani yakishuka. Wajumbe hawalipwi. Na viti viwili ni vya wazazi, vinapigiwa kura na wazazi wenyewe.

Kiti kimoja kilipobaki wazi, Mwanakombo ndiye aliyesema nigombee. Nilikataa. Nilimwambia Kiingereza changu ni cha kuogeshea wazee, si cha mikutano. Akanijibu kwamba waliomo humo ndani wote watoto wao wanaimba vizuri na kuchora vizuri, na asiyekuwemo ni mtu wa kusema kwa ajili ya watoto kama Rukia.

Akasimama getini asubuhi nne mfululizo na sinia la mahamri, akimwambia kila mzazi, Msomali, Mgujarati, Mpolandi, Mwingereza, kwamba mimi ni mtu wa haki. Wakanichagua.

Mwanakombo alinikumbatia mbele ya watu, akaninong'oneza, "Sasa tuna mtu ndani."

Siku ya kikao cha kwanza nilikuta mezani kadi imesimamishwa mbele ya kiti changu, na jina langu limechapwa kwa herufi kubwa. Jina lote, la baba na langu. Niliitazama ile kadi muda mrefu... Aibu kusema, lakini nilipiga picha.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa Kigujarati, mhasibu mstaafu, mzaliwa wa Kisumu. Bwana Kirit. Alifurahi mno kupata mtu wa kusema naye Kiswahili. Alinivutia kiti, akaniuliza habari za Morogoro, akaniita dada. Kila kikao kikiisha aliniambia, "Wewe mtu ya akili sana, dada. Hawa wengine naongea mingi, wewe nasikiliza."

Kweli nilikuwa nasikiliza. Kwa sababu sikuwa naelewa! Makaratasi yalikuja kurasa themanini, majedwali matupu. Niliona haya kuuliza. Nilifikiri nikiuliza watajua kwamba mimi ni yule yule mwosha wazee. Nikawa natikisa kichwa pale wanapotikisa wengine, na wakaniona nina busara.

Kidogo kidogo nikaanza kuelewa jambo moja, nalo lilikuwa baya. Shule hulipwa kwa kichwa cha mtoto. Kila vuli watoto wanahesabiwa, na mtoto aliyehama ameondoka na fungu lake. Na familia zilikuwa zinahama! Kodi za nyumba zimepanda, watu wanakimbilia miji mingine, na vijana hawazai. Darasa la wadogo lilikuwa na viti vitupu safu nzima. Lakini mwalimu ni yule yule, taa ni zile zile, paa linavuja vile vile. Halmashauri ikatuandikia kwamba tupunguze, la sivyo watatupunguza wao.

Ndipo siku moja, baada ya ajenda ya kawaida, Bwana Kirit akawaomba wageni watoke. Tukabaki wajumbe peke yetu. Mwalimu mkuu, mama mmoja wa Kiingereza mwenye macho ya kuchoka, akasema kwa sauti ndogo kwamba darasa maalumu linagharimu zaidi ya fungu linaloletwa kwa ajili yake, na kwamba njia ya kuiokoa shule ni kuiomba halmashauri ilifunge.

Nikauliza swali langu la kwanza tangu nichaguliwe: na wale watoto?

Akanijibu kwamba halmashauri itawatafutia nafasi kwingine.

Kwingine wapi? Sikuuliza. Bwana Kirit akatukumbusha kwamba hili ni siri ya kikao mpaka wazazi watakapotangaziwa rasmi. Nje ya mlango akanishika bega. "Dada, najua una rafiki. Lakini hii kiti si ya rafiki. Ni ya shule mzima. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

Siku tatu baadaye, Jumatano, Mwanakombo akaja kwangu mbio, shungi imemwangukia mabegani, mkononi ana barua. Alikuwa anaishi kwenye nyumba ya halmashauri yenye unyevu, kuta nyeusi kwa ukungu, na kwa miaka miwili alikuwa akitafuta familia ya kubadilishana nayo nyumba, kama halmashauri za huku zinavyoruhusu. Imepatikana! Leicester. Vyumba viwili na bustani ndogo. Na karibu na hapo kuna shule yenye darasa la usonji, ameshapiga simu, wana nafasi moja.

Rukia alikuwa amelala kwenye sofa langu, amekumbatia mto.

Mwanakombo akakaa chini, akasema ametakiwa kujibu ifikapo Ijumaa. Akasema moyo wake umegawanyika. Nyumba anaitaka, lakini Rukia ameshazoea mwalimu wake, ameanza kuunga maneno mawili mawili, na kumhamisha mtoto kama huyo ni kumvunja upya.

"Shule ikiwa salama, mimi sendi," akaniambia. "Ukungu ntausugua. Wewe uko ndani, mwenzangu. Nambie ukweli. Darasa la Rukia liko salama?"

Wasomaji wenzangu... ningeweza kusema mambo mangapi! Ningesema, "Siruhusiwi kujibu," na mwanamke mwenye akili kama yule angeelewa pale pale. Ningesema, "Nenda Leicester." Maneno mawili. Ningenyamaza tu, ingetosha.

Nikasema, "Liko salama. Kaa."

Akashusha pumzi. Akaninyang'anya kikombe changu cha chai, akanywa, akacheka. Ijumaa akaikataa ile nyumba.

Baada ya wiki tano wazazi wakaitwa ukumbini, saa kumi jioni, watoto walipokwisha kutoka. Asubuhi yake Bwana Kirit alinipigia simu akaniomba nisome taarifa ya bodi. Alisema wazazi wakisikia kutoka kwa mwenzao watatulia. Karatasi aliiandika mwalimu mkuu. Niliisoma jinsi ilivyo. Nilisema bodi inakusudia kuomba darasa maalumu lifungwe, na kwamba uamuzi ni mgumu. Nilisema tunafikiria manufaa ya watoto wote. Sauti ilikuwa yangu, lakini nilikuwa naisikia kama ya mtu wa redioni.

Watu wakaanza kupiga kelele. Mwanakombo hakupiga kelele. Alisimama safu ya tatu, amevaa koti lake la kahawia, Rukia ameketi kando yake, akangoja mpaka ukumbi ukanyamaza. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiokielewa.

"Ulijua lini?"

Nikaitazama karatasi ya taarifa mkononi mwangu.

"Nilipokujia na ile barua. Mwanangu amelala hapo kwenye sofa lako. Ulijua?"

Watu wakawa wanatazamana, wanaulizana anasema nini. Katika ukumbi mzima waliomwelewa tulikuwa wawili tu, mimi na Bwana Kirit. Yule mzee aliinamisha kichwa, akaanza kupanga makaratasi yake ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

"Basi," akasema Mwanakombo. "Nimesikia jibu." Akamshika Rukia mkono, wakatoka. Rukia alikuwa amejifunika sikio moja kwa mkono uliobaki.

Mtasema labda hapo nilizinduka. Kura yenyewe ilikuwa bado! Ilipigwa wiki mbili baadaye, na ningeweza kupinga. Niliyatafakari hayo usiku na mchana. Lakini mnajua moyo wa binadamu unavyooza? Nilimkasirikia yeye. Ndiyo, yeye! Kwa kuniaibisha mbele ya watu, kwa kutopokea simu zangu, kwa kunipita getini kama nguzo ya taa. Nikajiambia nimeshampoteza, sasa nipinge kwa faida ya nani?

Nikanyoosha mkono. Saba waliunga mkono, watano walikataa. Mjumbe mwenzangu wa wazazi, baba mmoja wa Kipolandi asiye na mtoto hata mmoja kwenye darasa lile, alikataa. Akanitazama mara moja tu, kisha akakunja koti lake akaondoka bila kuaga.

Rukia alipewa nafasi kwenye shule ya mbali, upande wa kusini mwa London, kupita Peckham huko. Kila asubuhi teksi ya halmashauri ilimchukua kabla jua halijachomoza vizuri, pamoja na msindikizaji anayebadilika kila wiki. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Niliwahi kuwaona. Nilikuwa nangoja basi niende zamu ya asubuhi, nikamwona Mwanakombo amepiga magoti kwenye lami, anajaribu kumwingiza mtoto garini, na mtoto amejinyoosha kama ubao, anajing'ata mkono.

Kwa nini sikuvuka barabara? Basi lilikuja. Nikapanda.

Baadaye nilisikia kwamba yale maneno mawili mawili yalipungua yakawa moja. Kisha hata "maji" likapotea. Mwanakombo akaacha oda zote, maana shule ya kule ilikuwa ikimpigia simu kila siku aje kumchukua mtoto.

Imani naye akapata habari kwa watoto wenzake. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku. Alikuwa na miaka tisa. Aliniuliza tukiwa tunakula kama ni kweli kwamba nilinyoosha mkono. Nikamwambia mambo ya wakubwa ni magumu. Akasema kwamba Rukia ni rafiki yake. Nikasema najua. Akaondoa sahani yake, akaiosha mwenyewe, akaenda chumbani. Tangu siku ile binti yangu ananisalimia vizuri, ananitii, ananisaidia kazi... na haniambii chochote.

Na shule? Iliokoka? Jamani! Wazazi walioona jinsi tulivyowatenda wale watoto walianza kuhamisha wa kwao. Yule mwalimu wa darasa maalumu aliondoka, na wawili wazuri wakamfuata. Wakaguzi wakaja, wakaandika ripoti ya kusikitisha. Vuli iliyofuata vichwa vilihesabiwa vikapungua tena, na mwaka uliofuata halmashauri ikaamua kutuunganisha na shule ya jirani. Kuunganisha ni neno lao. Geti letu limefungwa kwa mnyororo.

Bodi ikavunjwa. Nikapata barua pepe ya mistari minne kunishukuru kwa utumishi wangu. Jina langu lilikuwa limekosewa herufi.

Mwanakombo alihama London bila kuniaga. Nilijua nilipopita kwake nikakuta mapazia mapya dirishani na mwanamke nisiyemjua anafuta kioo. Nilipiga simu yake wiki baada ya wiki. Inaita, haipokelewi. Nikaandika ujumbe, nikafuta. Nikaandika tena.

Mwezi wa pili mwaka huu, siku ya mapumziko yangu, nikajaribu tena bila matumaini. Ikapokelewa.

"Naam," akasema.

Nikalia tu. Akangoja. Kisha nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata padri. Nilimwambia haikuwa siri ya kikao iliyonifunga mdomo siku ile ya barua. Ile ilikuwa kisingizio. Nilipomwona na ile barua, anang'aa vile, nilichokiona mimi ni nyumba yangu bila yeye. Krismasi bila yeye. Geti bila yeye. Niliogopa kubaki peke yangu. Nilimdanganya ili asiende.

Nikasikia katuni za watoto kwenye televisheni upande wake.

"Ungenambia hivyo," akasema hatimaye, polepole, bila hasira. "Ungenambia waogopa kubaki peke yako. Ile nyumba ilikuwa na vyumba viwili, Mama Imani. Ningekwambia twende sote."

Nikamwuliza Rukia anaendeleaje. Akasema yuko Coventry kwa mjomba wake, wote wako huko, na amepata mwalimu mzuri. Hasemi bado. Akasema amenisamehe, maana kinyongo kinamchosha na yeye ana mtoto wa kulea. Halafu akaniomba nisimpigie tena.

Nimelitii hilo ombi. Ndiyo zawadi pekee niliyobaki nayo ya kumpa.

Wasomaji wenzangu, dada zangu, hasa ninyi mlio ugenini na mmepewa kiti mahali fulani, iwe shuleni, kanisani, msikitini au kwenye chama. Msitikise kichwa kwa jambo msilolielewa. Ulizeni! Aibu ya kuuliza huisha jioni ile ile. Na msidhani kwamba waliowakaribisha mezani wamewapenda kuliko waliowasimamia getini.

Lakini zaidi ya yote, mkiogopa upweke, semeni. Mwambie rafiki yako, "Usiende, naogopa," au "Ukienda, nichukue." Usimfunge mtu kwa uongo ili abaki. Mimi nilimfunga, na aliyelipa ni mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema.